Songea hadi Dar es Salaam kwa ndege: umbali, muda na hesabu ya msafiri wa Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa

Na Mwandishi Wetu, Ruvuma

Umbali wa anga kati ya Kiwanja cha Ndege cha Songea na Kiwanja cha Ndege cha Kimataifa cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, ni takribani kilomita 580, na ndege huumaliza kwa muda unaozidi saa moja kwa dakika chache. Hizo ndizo takwimu ambazo mkazi wa Mbinga, Liuli au Mbamba Bay hupewa kwanza anapouliza habari za usafiri wa ndege. Ni takwimu sahihi, lakini peke yake hazimtoshi. Kabla magurudumu ya ndege hayajaacha ardhi, mtu aliyetoka Mbamba Bay atakuwa amekaa ndani ya gari kwa saa tatu au zaidi, kwa umbali usiofika kilomita 170.

Wilaya za Mbinga na Nyasa hazina kiwanja chenye safari za abiria za ratiba. Kiwanja cha Songea ndicho kinachowahudumia, na kwa hiyo safari yao ya ndege huanzia barabarani. Anayepanga kwa kutazama muda wa kuruka pekee ndiye anayefika kiwanjani na kukuta kaunta imefungwa. Kwa mgonjwa mwenye miadi Muhimbili, kwa kijana aliyeitwa kwenye usaili, au kwa mwanafunzi anayeunganisha safari ya nje ya nchi, ndege iliyoondoka si jambo la kulipia faini na kusahau. Makala haya yanaeleza namna umbali na muda huo unavyohesabiwa, na nini mwananchi aongeze juu ya hesabu hiyo.

Umbali wa anga unavyopimwa

Umbali unaotajwa kati ya viwanja viwili vya ndege haupimwi kwa kufuata barabara. Hupimwa kwa mstari mfupi kuliko yote unaoweza kuchorwa juu ya uso wa dunia kati ya nukta mbili. Kwa kuwa dunia ni mviringo, mstari huo ni upinde, ingawa kwa masafa ya ndani ya nchi tofauti kati ya upinde na mstari ulionyooka kwenye ramani ni ndogo mno.

Kiwanja cha Songea kipo karibu na nyuzi 10 na dakika 41 kusini mwa Ikweta, na nyuzi 35 na dakika 35 mashariki. Cha Dar es Salaam kipo karibu na nyuzi 6 na dakika 53 kusini, na nyuzi 39 na dakika 12 mashariki. Ndege inayotoka Dar es Salaam kwenda Songea huelekea kusini-magharibi, na inaposogea kilomita moja kuelekea kusini husogea karibu kiasi hicho hicho kuelekea magharibi. Ukiingiza namba hizo katika kanuni ya hesabu ya duara la dunia, jibu ni kilomita 580 hivi.

Marubani na waongoza ndege hutumia maili za bahari. Maili moja ya bahari ni mita 1,852, na asili yake ni dakika moja ya nyuzi ya latitudo. Ndiyo maana ni rahisi kuisoma kwenye ramani za anga na za majini. Kilomita 580 ni maili za bahari 313. Kasi nayo hutajwa kwa noti, na noti moja ni maili moja ya bahari kwa saa. Msafiri atakayeona namba 313 mahali pamoja na 580 mahali pengine asidhani kuwa moja ina makosa.

Kwa barabara, kupitia Njombe, Makambako, Iringa na Morogoro, Songea na Dar es Salaam zimetengana kwa takribani kilomita 950. Anga imefupisha safari kwa karibu kilomita 370, kwa kuwa ndege haina haja ya kuzunguka kufuata nyanda za juu kabla ya kugeukia mashariki.

Muda wa kuruka na muda wa tiketi

Ndege aina ya Dash 8 Q400, ambayo Air Tanzania imekuwa ikiitumia katika safari zake za ndani na ambayo hubeba abiria 76, inaweza kuruka kwa kasi inayozidi kilomita 600 kwa saa. Kwa kugawanya tu, kilomita 580 zingehitaji chini ya saa moja. Lakini kasi hiyo hupatikana pale ndege inapokuwa imetulia juu. Wakati wa kupanda huenda taratibu, wakati wa kushuka hupunguza mwendo, na karibu na Dar es Salaam huenda ikaelekezwa kuzunguka ili kupisha ndege nyingine. Kwa hiyo kukadiria dakika 65 hadi 75 angani ni kukadiria kwa haki.

Muda unaoandikwa kwenye tiketi ni kitu kingine. Huo huanza kuhesabiwa ndege inapoondoka kwenye maegesho na humalizika inaposimama kwenye maegesho ya kiwanja cha pili. Ndani yake kuna kutembea kuelekea njia ya kurukia, kusubiri ruhusa ya mwongoza ndege, na kutembea tena baada ya kutua. Ndiyo maana tiketi huweza kuonyesha dakika 80 hadi 90, kisha abiria akashangaa kusikia rubani akitangaza muda mfupi zaidi.

Hali ya hewa nayo ina sehemu yake. Kiwanja cha Songea kipo zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mwinuko huo ni nyepesi kuliko ya pwani, na jua likiwa kali huwa nyepesi zaidi, hivyo ndege huhitaji kukimbia umbali mrefu zaidi kabla ya kuinuka. Hii ni sababu mojawapo inayofanya urefu wa njia ya kurukia katika viwanja vya nyanda za juu uwe suala zito kuliko wananchi wengi wanavyodhani. Huamua ni ndege gani inaweza kutua, na wakati mwingine ni mizigo kiasi gani inaweza kupakiwa.

Kutoka ziwani hadi Ruhuwiko

Hapa ndipo sehemu kubwa ya muda huliwa.

Kwa mstari ulionyooka, Mbamba Bay hadi kiwanja cha Songea ni kilomita 111 hivi. Ndege ingeumaliza umbali huo kwa robo saa. Barabara yake ni kilomita 66 kutoka Mbamba Bay hadi Mbinga, kisha takribani kilomita 100 kutoka Mbinga hadi Songea. Zile 55 zilizoongezeka zinatokana na umbo la nchi yenyewe. Uso wa Ziwa Nyasa upo takribani mita 475 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara inapanda kwenye milima ya Umatengo, ambayo katika baadhi ya maeneo hukaribia mita 2,000. Ni nchi ile ile ya miteremko mikali ambamo Wamatengo wamelima kwa ngoro, yaani mashimo ya kuzuia mmomonyoko, kwa vizazi vingi. Mteremko unaohitaji ngoro ili udongo usiondoke hauwezi kupitishiwa barabara iliyonyooka.

Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay ilijengwa kwa kiwango cha lami kwa ufadhili wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, katika ujenzi ulioanza mwaka 2018. Kipande cha kilomita 78 kutoka njiapanda ya Peramiho hadi Mbinga kilikuwa kimetangulia, kwa msaada wa Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia. Vipande hivyo ni sehemu ya Ushoroba wa Mtwara, unaounganisha Bandari ya Mtwara na Ziwa Nyasa kwa barabara ya zaidi ya kilomita 800.

Lami imebadilisha jambo moja ambalo haliwezi kusomwa kwenye ramani, nalo ni uhakika. Wakati wa vumbi na tope, msafiri wa masika hakuweza kujua kama angetumia saa tatu au siku nzima kufika Mbinga. Leo kipande cha Mbamba Bay hadi Mbinga kinaweza kukadiriwa kuwa saa moja na robo hadi saa moja na nusu, na cha Mbinga hadi Songea saa moja na nusu hadi mbili. Makadirio hayo yanazingatia sheria: magari ya abiria na magari mengine yenye uzito unaozidi kilo 3,500 hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na katika maeneo ya makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa. Dereva anayeahidi kufika kwa muda mfupi zaidi ya huo kwenye kona za Umatengo anaahidi jambo asilopaswa kulifanya.

Msafiri aongeze vilevile vikwazo vya kawaida. Kutoka Kitai kuelekea Songea barabara inatumiwa na malori ya makaa ya mawe yanayotoka machimbo ya Ngaka, na kuyapita kwenye mlima huhitaji subira. Msimu wa kahawa huongeza magari ya mizigo. Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Mbinga huweza kuja na ukungu unaomlazimu dereva kupunguza mwendo.

Lipo jambo moja linalomsaidia mtu wa Mbinga. Kiwanja cha ndege kipo Ruhuwiko, magharibi mwa mji wa Songea, yaani upande ule ule anaotokea yeye. Halazimiki kuvuka mji mzima ili kukifikia. Akimweleza kondakta mapema, anaweza kushuka mahali pa karibu na kumalizia kwa bajaji au teksi.

Mfano wa hesabu

Tuchukue tiketi inayoonyesha ndege kuondoka Songea saa 5:00 asubuhi. Msafiri anatakiwa awe kiwanjani ifikapo saa 3:00, ili apate muda wa kukaguliwa na kusajili mizigo. Kutoka Mbamba Bay atahitaji saa tatu hadi tatu na nusu za barabara, na ni busara kuweka saa moja ya akiba kwa pancha, mvua au basi linalosubiri abiria. Hivyo aondoke saa 10:30 alfajiri. Ndege ikiondoka kwa wakati, atakuwa Dar es Salaam kati ya saa 6:20 na 6:30 mchana.

Jumla ni saa nane, na ndege imetumia moja na robo tu kati ya hizo. Katika hiyo moja na robo imevuka kilomita 580. Katika saa zote zilizobaki msafiri amevuka 160.

Anayetoka Mbinga mjini anaweza kuondoka saa 12:00 asubuhi kwa ndege hiyo hiyo. Kwa mkazi wa Liuli au wa vijiji vya kaskazini mwa Nyasa hesabu ni ndefu kuliko ya Mbamba Bay, kwa kuwa lazima kwanza afike kwenye barabara kuu. Ushauri wa mwandishi ni kwamba mtu wa maeneo hayo alale Mbinga au Songea usiku wa kuamkia safari. Gharama ya chumba kimoja ni ndogo kuliko ya tiketi mpya.

Basi nalo lisidharauliwe katika hesabu hii. Kwa umbali wa kilomita 950 na kikomo cha mwendo kilichopo, Songea hadi Dar es Salaam ni safari ya saa 14 hadi 16. Kwa mtu wa Mbamba Bay, ndege imepunguza safari ya saa 18 au zaidi hadi kufikia nane. Ni nafuu kubwa, lakini si ile ya "saa moja tu" inayosemwa mitaani.

Saa ya tiketi na saa yetu

Kosa linalowaponza wasafiri wapya halitokani na barabara bali na kusoma saa. Tiketi za ndege huandikwa kwa mfumo wa saa 24 zinazoanza kuhesabiwa usiku wa manane, ambapo saa ya Kiswahili huanza jua linapochomoza. Tofauti ni saa sita. Tiketi ikiandikwa 08:00, maana yake ni saa 2:00 asubuhi. Mtu akiisoma kuwa saa nane mchana atachelewa kwa saa sita kamili. Ikiandikwa 11:00 ni saa 5:00 asubuhi, na 16:40 ni saa 10:40 jioni. Katika makala haya saa zote zimetajwa kwa Kiswahili.

Kwa anayeunganisha safari ya nje ya nchi kuna mtego wa pili, wa tarehe. Ndege iliyoandikwa kuondoka 00:30 tarehe 12 huondoka saa 6:30 ya usiku wa kuamkia tarehe 12. Msafiri anatakiwa awe kiwanjani tarehe 11 usiku. Akifika tarehe 12 usiku, ndege yake imeondoka jana.

Songea na Songwe

Baadhi ya wananchi huuliza kama inafaa kutumia Kiwanja cha Songwe, Mbeya, kilichoanza kutoa huduma mwaka 2012, hasa wale wanaopewa rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya inayohudumia Nyanda za Juu Kusini.

Kwa anga, Songea na Songwe zimetengana kwa kilomita 320 tu. Lakini umbali mfupi hauna faida kama hakuna ndege inayopita humo. Ikiwa siku hiyo hakuna safari ya moja kwa moja, abiria atapitishwa Dar es Salaam: kilomita 580 za kwenda, kisha takribani 690 za kurudi magharibi hadi Songwe. Atakuwa ameruka kilomita 1,270 ili kufika mahali palipo kilomita 320 kutoka alipoanzia, na katikati amekaa kiwanjani kusubiri. Barabara ya Songea, Njombe, Makambako hadi Mbeya ni takribani kilomita 460. Kwa safari hii gari ndilo linalofaa, na hakuna haja ya kuona kuwa ni njia ya mnyonge.

Wagonjwa

Mgonjwa anayekwenda kwa ndege anahitaji maandalizi zaidi ya tiketi. Shinikizo la hewa ndani ya ndege inaporuka ni dogo kuliko la ardhini, na mgonjwa mwenye matatizo ya kupumua, ya moyo au aliyetoka kufanyiwa upasuaji anaweza kuathirika. Mashirika ya ndege huhitaji kujulishwa mapema kuhusu mgonjwa wa machela, anayehitaji oksijeni au kiti cha magurudumu, na huomba cheti cha daktari kinachothibitisha kuwa anaweza kuruka. Mama mjamzito aliye katika miezi ya mwisho naye aulize masharti kabla ya kulipa. Mtungi wa oksijeni wa nyumbani hauruhusiwi kuingizwa ndani ya ndege bila kibali.

Familia imweleze daktari anayeandika rufaa kuwa inakusudia kutumia ndege, ili cheti kitolewe siku hiyo hiyo. Kukumbuka cheti mbele ya kaunta ya Songea, wakati daktari yupo Mbinga umbali wa kilomita 100, ni kukumbuka kwa kuchelewa. Na mgonjwa wa dharura asingojee ndege. Apelekwe kwanza katika hospitali iliyo karibu, nayo ndiyo itakayoamua usafiri unaofuata. Peramiho, kwa mfano, ipo njiani kabla ya kufika Songea.

Njia ya ziwa

Kwa vijiji vingi vya mwambao, meli imekuwa usafiri wa siku zote. MV Mbeya II, iliyoanza kazi mwaka 2021, hubeba abiria 200 na mizigo tani 200. Kutoka bandari za Kyela hadi Mbamba Bay ni zaidi ya kilomita 200 za maji. Chombo chenye mwendo wa noti 10, yaani kilomita 18.5 kwa saa, kingehitaji zaidi ya saa 11 hata kama kisingesimama popote, na kusimama ndiyo kazi yake. Kati ya Mei na Agosti upepo wa kusini-mashariki, ambao wavuvi wa ziwa hili huuita mwera, huinua mawimbi yanayoweza kuchelewesha au kuahirisha safari. Kwa sababu hiyo abiria asiunganishe meli na ndege katika siku moja. Aache angalau siku nzima katikati, na afuatilie utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania unaotolewa pia kwa watumiaji wa maziwa.

Ng'ambo ya ziwa, Nkhata Bay nchini Malawi ipo takribani kilomita 60 kutoka Mbamba Bay. Malawi ipo nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Msafiri anayetoka huko akiwa na tiketi ya ndege ya Songea, na ambaye hakurekebisha saa yake, atadhani ni saa 3:00 wakati kiwanjani Ruhuwiko tayari ni saa 4:00. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi siku zote ni ya mahali ndege inapoondokea.